Hodi ya Mama Mkwe

Doto, acha kila kitu usome hapa.

Si unamjua jirani yangu Herman? Tangu petroli ipande bei na unga ukaifuata, anakula kajifungia ndani mchana kweupe, asije akalazimika kumkaribisha mpita njia. Eti "karibu" siku hizi ni gharama!

Leo samaki wa kukaanga ananukia mpaka barabarani. Hodi! Mtu anabisha mlangoni kwake. Hodi! Herman akajibu huku anatafuna: "Wenyewe hawapo!"

Doto, WENYEWE HAWAPO! Kwa mdomo wake mwenyewe!

Nachungulia, kumbe anayebisha ni mama mkwe wake! Katoka Kisanga na bodaboda, kawaletea kiroba cha mchele na dumu la mafuta ya alizeti.

Wala hakugomba. "Haya baba, wakirudi waambie mama yao alikuja na mzigo."

Akageukia kwangu. "Hodi! Hapa wenyewe wapo?"

"Shikamoo mama, tupo wote mpaka kuku!"

Wali umeiva, tunakula naye kibarazani. Sasa hivi Herman kaja, kainamisha kichwa: "Hodi, mama..."

Mama kamtazama usoni, kameza tonge taratibu.

"Wenyewe hawapo."