Mgeni Aliyesimama Kati ya Spika Mbili

Newala, Mtwara
21 Julai 2024

Mpendwa dada Oliva,

Shikamoo. Ni mimi mdogo wako Yuster. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Windhoek, wewe na shemeji Petro na binti yetu Wema. Mguu unaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema unavimba ukisimama sana kazini. Naambiwa baridi ya huko inakausha midomo. Ya kwetu inalowesha nguo zikiwa kwenye kamba. Ukungu unapanda asubuhi kutoka bondeni, na siku nyingine unashinda nasi mpaka jioni.

Sisi hatujambo. Mama hajambo, nalisema mapema usije ukasoma barua nzima roho mkononi. Macho yake yamefifia zaidi. Anatofautisha mwanga na giza, na mtu akisimama mbele ya dirisha anajua kuna mtu, basi. Mume wangu Lameck anasumbuliwa na mgongo lakini shambani anakwenda. Mikorosho imeanza kutoa maua. Tunaomba ukungu usiyachome.

Utashangaa kwa nini nimeshika kalamu wakati simu ipo. Lameck aliniambia nikurekodie ujumbe wa sauti, nimalize mara moja. Nimekataa. Ukifika mwisho utaelewa kwa nini siku hizi sipendi kuacha sauti yangu mahali.

Unaikumbuka ile santuri ya Mama? Ile sahani nyeusi iliyofungwa kwenye kitenge chini kabisa ya sanduku, tuliyokatazwa hata kuigusa? Tulichojua ni kwamba ni kwaya ya kina mama wa Lulindi, na kwamba anayeongoza nyimbo ni marehemu Mama Lois, dada yake Mama, mama yako mzazi. Kuisikia hatukuwahi, maana nyumba yetu haikuwa na cha kuichezea. Na kila ulipomwuliza Mama habari za dada yake, alikujibu "kesho". Ukakua kwa hiyo kesho, ukaolewa nayo, ukaondoka nayo. Najua ilikuuma. Ndiyo maana nakuandikia wewe kabla ya mtu mwingine yeyote.

Msimu uliopita korosho zilitulipa vizuri, tukamwuliza Mama anataka nini. Akasema kwa kuwa kuona kumemshinda, angependa kusikia. Akamtuma Lameck afungue sanduku.

Basi tukaanza kutafuta mashine, na usidhani ni kazi ndogo. Madukani Masasi wamejaza masabufa ya kutikisa bati, taa zinawakawaka kama harusi, lakini ya kuchezea santuri hayana. Duka moja lilikuwa na kijisanduku chekundu mfano wa begi. Unafungua kifuniko, ndani kuna kisahani kinazunguka na vispika viwili vimebanana ubavuni. Mimi nilikipenda pale pale. Kipya, kizuri, kinabebeka. Lameck akainamisha sikio, akasikiliza, akasema, "Huyu anaimba akiwa ndani ya ndoo."

Ndanda, kando ya barabara kuu, yuko fundi redio anaitwa Gasper. Alikuwa na seti ya zamani aliyoifufua mwenyewe: mashine ya kuzungushia santuri, amplifaya nzito kama jiwe la kusagia, na spika mbili za mbao zinazonifika kiunoni. Ilituchukua safari kadhaa kuamua, mimi nikivutia begi jekundu, mwenzangu akivutia mbao. Kilichonimaliza ni siku Gasper alipotukalisha kwenye benchi, akaziachanisha spika zake, akazigeuza kidogo zitutazame, akashusha sindano. Mwanamume akaimba. Sauti haikutoka kulia wala kushoto. Ilisimama katikati, mahali pasipo na kitu.

"Ndiyo kazi ya spika mbili," Gasper alisema. "Zikikaa sawa, mwimbaji anakuja kusimama mbele yako."

Nikasema tuchukue hiyo.

Tuliifunga Jumapili baada ya ibada. Ilikuwa mchana, lakini ukungu ulikuwa umelala juu ya nyumba na sebule yote ilikuwa ya kijivu. Mama alikuwa chumbani anabadili nguo za kanisani. Lameck akapima nafasi kama alivyofundishwa, nami nikashusha sindano juu ya ile santuri.

Kwanza mkwaruzo, kama mchanga. Halafu kina mama wakaingia wote, wakaenea kutoka ukuta hadi ukuta. Na katikati yao, mbele kidogo, mmoja peke yake. Dada, sijui nikueleze vipi. Mama yako ana sauti nzito kuliko nilivyowazia. Kabla ya kila ubeti unamsikia anavuta pumzi kwa nguvu, kama mtu aliyepanda mlima. Nilijikuta nimeficha miguu yangu chini ya kiti ili nisimguse.

Mama akatokea mlangoni, mkono ukutani. Nilidhani atalia. Hakulia. Aligeuza uso wake pale pale katikati, akasema kwa sauti ya kila siku:

"Yuster, mbona mgeni amesimama na wewe umekaa?"

"Mama, ni santuri."

"Nasikia kwamba ni santuri. Mpe kiti."

Nikaleta kiti, nikakiweka pale. Ningefanya nini?

Tangu siku hiyo alitaka iwekwe kila alasiri. Lameck aliona tunamzoesha vibaya, akazihamisha spika mpaka ukuta wa pili bila kumwambia, ili sauti sasa iangukie karibu na dirisha. Mama alipoingia hakupapasa wala hakuuliza. Alikwenda moja kwa moja dirishani. Hilo halikututisha, maana masikio ya asiyeona ni makali. Kilichotutisha ni maongezi.

Alikuwa akizungumza naye kwenye nafasi kati ya wimbo na wimbo. Tena kwa Kimakua, lugha aliyoiweka kando tangu alipoolewa huku juu kwa Wamakonde. Kimakua changu ni cha kuokoteza, lakini nilikaa karibu nikasikiliza, na nilichokipata nakuandikia kama kilivyo, kwa sababu ni chako.

"Ndiyo," alisema, akanyamaza kama mtu anayesikiliza simu. "Wa kike."

Akanyamaza tena.

"Hapana, hakulia sana. Ule usiku wa kwanza tu."

Kimya.

"Maziwa ya mbuzi. Mbuzi wa Mwalimu Cuthbert. Nilimbeba mgongoni kila alfajiri kwenda kuyachukua." Akacheka. "Kidole cha kati, si gumba. Ukikitoa anakirudisha."

Kimya kirefu. Uso wake ukabadilika.

"Mbali. Kupita Dar es Salaam. Nchi nyingine." Halafu akainamisha kichwa. "Hapana, dada. Sikumwambia. Nilikuwa nikitaka kukutaja, naona kama nakuzika tena."

Sikiliza, Oliva. Nafasi kati ya wimbo na wimbo kwenye santuri ni fupi, mtu hamalizi hata kukohoa. Lakini maongezi yao yalikuwa marefu, na wimbo uliofuata ulingoja mpaka Mama amalize. Nilikuwa naitazama sahani. Ilikuwa inazunguka. Sindano ilikuwa juu yake. Hakuna sauti iliyotoka mpaka Mama alipokaa sawa na kusema, "Haya."

Ule wakati wa mchungaji na maombi siuandiki sana. Alikuja, akatuombea, akatuambia ni kumbukumbu za uzee. Wakati anasema hivyo alikuwa amesimama mlangoni, na sebuleni hakuingia.

Mama akaanza kupungua. Akawa hali mpaka mgeni ahudumiwe kwanza. Tunaweka sahani ya ugali na kisamvu mbele ya kile kiti, chakula kinapoa, naye anangoja. Akikipapasa na kukuta hakijaguswa anasema, "Basi na mimi nimeshiba." Mashavu yakaingia ndani. Kitenge alichokuwa akijifunga mara moja na kubana, akawa anakizungusha mara mbili. Nilianza kuogopa kwamba dada yake hakuja kutembea, amekuja kumchukua.

Lameck akaniambia, "Leo zima katikati ya wimbo. Aone kwamba ni mashine."

Ilikuwa alasiri ya ukungu kuliko zote, huoni hata mikorosho ya uani. Mama alikaa dirishani, magoti yake yakielekea kiti kitupu. Safari hii alikuwa anaimba naye. Sikuwahi kumsikia Mama akiimba maisha yangu yote, hata kanisani hufungua kitabu tu. Alikuwa anashika sauti ya pili, kwa chini, bila kukosea neno. Nilikwenda kwenye mashine, nikaunyanyua mkono wa sindano.

Kwaya ikakatika.

Wao wakaendelea.

Sauti mbili, dada. Moja ya mama yangu, imepasuka kwa uzee. Nyingine ya yule anayevuta pumzi. Mimi nimesimama na ule mkono wa sindano kati ya vidole, santuri inazunguka bila kuguswa na kitu. Lameck alikuwa nje anatengeneza jembe. Akaja mpaka dirishani, akaweka uso kwenye wavu.

"Zima basi," aliniambia.

"Nimeshazima."

Akaniangalia mkono. Tulingoja sote wawili, naapa ilikuwa kama kungoja ibada iishe, mpaka wimbo ulipofika mwisho wake wenyewe.

Mama akainuka. Akajitanda kitenge kichwani, akachukua fimbo yake. "Mgeni anaondoka," alisema. "Nakwenda kumsindikiza."

Nilimwomba asitoke kwenye baridi ile. Akaniuliza tangu lini katika nyumba yake mgeni anaachwa atoke peke yake. Basi nikamfuata nyuma. Alipita uani, akashika njia ya barabara ya kushuka Masasi. Alitembea ukingoni kabisa mwa njia, nyasi zikimlowesha, kwa sababu nafasi ya katikati alikuwa amemwachia mwenzake. Mara moja alinyoosha mkono kama anayemshika mtu kiwiko penye shimo.

Karibu na mteremko tulikutana na jirani yetu Scholastika anatoka kisimani, ndoo kichwani. Alipotuona alijisogeza majanini kupisha, akapiga goti kidogo. "Shikamooni, mama zangu," alisema.

"Marahaba," alijibu Mama.

Wakapita. Mimi nilipofika, Scholastika akaninong'oneza kwa hasira: "Yuster, huna huruma? Yule mjamzito ni nani mnamtembeza kwenye baridi namna hii? Tumbo limeshashuka vile!"

Nikaongeza mwendo nisimpoteze Mama.

Mama alisimama pale barabara inapoanza kuporomoka. Alisema maneno mengi ya Kimakua, polepole, akionyesha kwa fimbo upande huu na ule. Halafu akageuka, akanishika mkono. Turudi, alisema, ana njaa.

Njiani nikamweleza alichosema Scholastika. Alitikisa kichwa kama mtu anayeambiwa anachokijua. Siku walipokuja watu wa kurekodi kwaya, alisema, Lois alikuwa na mimba kubwa, wakataka kumweka mwingine aongoze. Akakataa, akasema anataka mtoto aisikie. Akajifungua muda mfupi baadaye, na damu haikukoma. Mimba ile, dada, ni wewe.

Nikamwuliza, "Amekwenda wapi?"

"Kwa mwanawe. Nimemwelekeza nilivyoweza. Huko sijawahi kufika."

Jioni ile alikula ugali wake wote, akaomba mchuzi zaidi. Mpaka leo anakula, anacheka, ananikosoa ninavyopika. Habari za mama yako anazisimulia kila siku, kama mtu aliyefunguliwa mdomo. Ukimpigia atakueleza yote; mwulize tu.

Mimi niliirudia santuri mara moja tu. Kina mama wapo wote, kulia na kushoto, wanaitikia vizuri. Katikati hakuna mtu. Zinapofika beti zake panabaki kimya, kisha wanamwitikia. Tuliipeleka kwa Gasper, akabadilisha sindano, akapima nyaya, akasikiliza tena, akaturudishia bila kututazama usoni. Lameck ameirudisha kwenye kitenge. Spika tumezifunika shuka.

Msalimie sana shemeji Petro. Mwambie Wema mama yake mdogo namkumbuka, likizo aje ajue kuchuma korosho. Mwalimu Cuthbert bado yuko Lulindi, mzee sana sasa, anakusalimu. Lameck anasema shikamoo. Huku Scholastika ananikwepa kidogo, lakini tutapatana.

La mwisho ni la Mama mwenyewe, amenisimamia hapa niliandike. Anasema mama yako ni mwenye haya tangu utoto. Akifika nyumba ya watu habishi hodi. Husimama nje mpaka aonwe. Na huko hajui lugha wala njia, huenda amechelewa. Kwa hiyo siku ukihisi kuna mtu mlangoni na hukusikia mlango, usiogope wala usingoje. Mtangulie wewe. Mwambie karibu.

Mungu awalinde nyote, awape usingizi wa amani.

Ndimi mdogo wako nikupendaye siku zote,

Yuster