Maneno ya Mama Niliyokunyima

Gorno Brezhene,
Bulgaria,
Jumatatu, 3 Machi 2014.

Mpendwa mdogo wangu Zlatina,

Hamjambo huko Valencia? Mgongo wa mumeo Kamen unaendeleaje, na Mila bado anakohoa asubuhi? Sisi tu wazima, tunamshukuru Mungu. Mzee wangu Botyo magoti yanamsumbua, lakini ulimi wake uko imara kuliko nyumba. Theluji imeyeyuka, sasa tunatembea katika tope. Leo sisi Waorthodoksi tumeanza Kwaresima, nami nimekula maharagwe yasiyo na mafuta, basi ukiona barua hii imekauka ujue ni tumbo.

Najua unashangaa. Jana tu tumezungumza kwa simu, leo nakuandikia! Lakini lipo jambo ambalo kwenye simu siliwezi, maana ukianza kulia mimi hunyamaza, na kunyamaza kwangu ndiko kulikotufikisha hapa.

Ulipopiga simu jana nyumba ilikuwa imejaa. Si unajua Jumapili ya Msamaha ilivyo kwetu. Mkwe wangu Galya alikuwa akikata banitsa, lile andazi letu la jibini, na haluwa nyeupe tulikuwa tumeining'iniza kwenye uzi, watoto wanairukia kwa midomo. Wadogo wote wa ukoo walikuja kunibusu mkono na kusema, "Nisamehe," nami nikimjibu kila mmoja, "Mungu anasamehe, nawe usamehewe." Galya akaiweka simu yako kwenye spika ili wote wakusikie. Ukaniomba msamaha ule ule wa kila mwaka, kwamba ulitoka kwa hasira bila kumbusu mama mkono, na kwamba alikufa hujarudi. Wageni wakafuta machozi. Nikakujibu kama nilivyowajibu wengine.

Ulipokata simu, Penka wa posta alisema, "Denka, una moyo mnyenyekevu wewe! Mtakatifu mzima tunaye hapa jikoni." Nikainamisha macho. Nilifurahi, Zlatina, nakwambia ukweli. Nilifurahi kupita kiasi.

Jioni ikawa zamu yangu ya kwenda kwa mkubwa. Katika mtaa wetu aliyenizidi umri amebaki Bibi Velika peke yake, ana miaka themanini na minane na bado anapasua kuni zake. Nikambusu mkono, nikasema, "Nisamehe, bibi."

"Nikusamehe nini?"

Tangu nizaliwe sijasikia mtu akijibu hivyo. Nikamwambia, "Yote, bibi."

"Yote ni rahisi. Hebu nitajie moja."

Nikafikiri, nikamwambia kwamba niliwahi kuwaonea wivu kuku wake kwa sababu hutaga hata wakati wa baridi. Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akafuta macho na kusema, "Haya, kuku wamekusamehe. Sasa taja la kweli."

Nikaanza kama kawaida yangu: mimi si kitu, bibi, mimi ni takataka tu mbele za Mungu. Akanikata kauli. "Acha hayo! Unajiita takataka, kisha ukipitwa na mtu kidogo tu unanuna wiki nzima. Takataka hainuni, Denka. Mungu amekuumba mtu mzima, na wewe unamrudishia vumbi halafu unataka akusifu kwa unyenyekevu." Nilivaa koti langu nikaondoka, na sikulala vizuri.

Maana la kweli ni wewe.

Nimekuonea wivu tangu tukiwa wadogo. Ukiimba kanisani watu waligeuka kutazama, nikiimba mimi walikohoa. Ulipoondoka nikadhani sasa nitapumua. Wapi! Kila ninayekutana naye dukani ananiuliza, "Zlatina hajambo?" Hakuna anayeniuliza mimi, niliyesimama mbele yake na kikapu. Ulipoleta ile taa kubwa ya kanisa, Padri Anani alilitaja jina lako madhabahuni. Mimi kila Jumamosi nasugua sakafu chini ya taa hiyo hiyo, nimepiga magoti, nakwangua nta ya mishumaa kwa kisu, na hakuna aliyewahi kunitaja. Nilijiambia kwamba huo ndio unyenyekevu, kukaa chini na kutosema. Kumbe nilikuwa chini huku nahesabu nani amenipita. Sikujipenda hata kidogo, na kwa sababu sikujipenda nilishindwa kukupenda wewe.

Lakini hilo bado si lenyewe. Kaa chini, mdogo wangu, na kama Kamen yupo karibu mwite.

Mama hakufa amekukasirikia. Umekuwa ukiniuliza kama alikutaja, nami nikikujibu kwamba alikuwa hawezi kusema. Nilikudanganya. Siku tatu kabla hajafa ulimi wake ulifunguka, asubuhi, nikiwa namlisha supu. Alisema hivi: "Mwambie Zlatina alifanya vyema kwenda. Mimi ndiye niliyekosa, nilimzuia kwa sababu niliogopa kubaki bila sauti yake. Mwambie anisamehe."

Mama, Zlatina! Mama aliyetufundisha kwamba mdogo ndiye humwendea mkubwa, yeye mwenyewe alikuomba wewe msamaha, akanipa mimi niufikishe. Nami sikuufikisha. Miezi minane nilimwosha, nilimgeuza kitandani, nilimlisha kijiko kwa kijiko, na sauti ilipomrudia akaitumia yote kwako. Kijiko kilikuwa mkononi mwangu na mimi sikutajwa. Niliumia nikaona moto. Nikasema moyoni, basi na yeye akose kitu.

Na ulikosa, miaka kumi na moja. Mara kumi na moja umenililia kwa kosa ambalo mama alikwisha kulifuta, na mara zote hizo nimekaa kwenye kiti cha mkubwa nikikusamehe, na watu wakinisifu.

Sasa mimi mkubwa nakuja kwako wewe mdogo. Nisamehe. Usinijibu yale maneno ya kila mwaka kwa sababu ya desturi tu. Ukikasirika, kasirika, ukitaka kunyamaza mpaka Pasaka, nyamaza, nitangoja. Jumapili ijayo baada ya ibada nitawaeleza Penka na Galya na wote waliokuwa jikoni, wasije wakaendelea kunisifu kwa kitu nisichokuwa nacho. Botyo nimemsomea barua hii yote. Hakusema neno, nawe unajua hilo lilivyo gumu kwake. Alivaa viatu akaenda kutafuta stempu mwenyewe.

Nisalimie Kamen sana. Mila mbusu kwenye paji la uso, mwambie bibi yake alipenda sauti ya mama yake kuliko kitu chochote. Galya na watoto wanakusalimu. Bibi Velika anauliza utakuja lini, na mara hii nimemjibu bila kununa.

Bwana akulinde wewe na nyumba yako, akupe Kwaresima nyepesi na Pasaka yenye furaha. Niombee na mimi, maana wivu haujaniisha. Maneno ya mama nimeyaandika jinsi alivyoyasema, sikupunguza hata moja, na hata sasa ninapoyasoma natafuta kama lipo hata moja langu.

Ni mimi dada yako, nikupendaye vibaya lakini nikupendaye,

Denka