Mbuzi Wasio na Mwenyewe

Kyuso, Kitui
9 Februari 2025

Kwa mpendwa wangu Shangazi Kalekye,

Pokea salamu kutoka kwangu na kwa Susu, mama yako. U mzima? Na ule mguu uliokuwa ukivimba ukisimama sana kazini, umepata nafuu? Huku tunamshukuru Mungu. Nyonga ya Susu ndiyo bado inamsumbua, hasa asubuhi, lakini Jumapili alifika kanisani na akaimba hadi mwisho. Ndengu tumevuna kidogo. Mvua ilikatika zikiwa ndio zinaweka maua, kwa hivyo usishangae mfuko niliokutumia ukiwa mwepesi.

Ningekupigia simu, lakini unajua mtandao huku unapatikana tu pale juu karibu na boma la jirani yetu Mbaluka, na haya ninayotaka kusema siwezi kuyasemea pale. Barua nimempa Mama Kagure, yule anayenunua ndengu huku na kuzipeleka huko kwenu Emali. Nimeifunga kwa gundi. Ikikufikia imefunguliwa, tafadhali niambie.

Jambo lenyewe ni lile tangi la maji. Uliponiita nije nijifunze kushona dukani kwako, nilikuahidi kwamba tangi likifika nitakuja, kwa sababu Susu hawezi tena kuinama kuchota maji kwenye mchanga wa mto. Tulikuwa na hakika tutalipata. Mradi ulisema ni la familia maskini kabisa, na kijiji kizima kinajua tunavyoishi tangu baba atutoke. Lakini hatukulipata. Ameandikiwa Mbaluka.

Ilikuwa hivi. Watu wa mradi walitangaza kwamba watapita boma kwa boma kuona hali ya kila nyumba. Susu aliposikia wageni wanakuja, alijiandaa kana kwamba anampokea askofu. Aliazima viti, akaazima chupa ya chai na vikombe vyenye maua, akanituma nikakope maziwa. Nilimwambia, "Susu, hawa wanakuja kuona tusichonacho." Akanijibu, "Kwa hivyo mgeni akalie jiwe? Hayo ndiyo mlifundishwa huko shuleni?" Nikaenda kutafuta maziwa.

Asubuhi hiyo hiyo Mbaluka alikuja na mbuzi wake wote. Alisema amenyunyiza dawa ya kupe kwenye zizi lake, akaomba walale kwetu siku mbili tu. Mimi sikusikia harufu yoyote ya dawa. Niliona pia amevaa shati lililopasuka mgongoni, ambalo kwa kawaida huvalishwa ile sanamu yake ya kufukuza ndege shambani. Lakini mimi ni nani wa kumuuliza mzee kuhusu shati.

Wageni waliongozwa na msichana wa kutoka Nairobi aitwaye Cheryl, mwenye tableti. Ni mpole, simlaumu. Alikunywa chai, akauliza tunakula mara ngapi kwa siku. Susu akasema hatujawahi kulala njaa, Mungu ni mwema. Hiyo si kweli, nawe unajua. Kisha akauliza mbuzi ni wa nani. Susu alitazama chini kidogo. Unajua alivyo: jirani akikuomba umhifadhie kitu, humtaji mbele ya mgeni, ni kama kumvua nguo. Akasema, "Ni wa hapa nyumbani." Cheryl akabonyeza kioo chake, na nadhani tangi letu lilienda dakika hiyo.

Tangu siku hiyo nimefikiria sana jinsi umaskini unavyopimwa. Wanahesabu viti, lakini hakuna aliyeuliza viti vililala wapi jana yake. Anayejua kuficha anapata, anayejua kukaribisha anakosa. Sijui kama wakubwa wanaopanga miradi hii wanalijua hilo na wananyamaza, au hawajui kabisa. Yote mawili yananitia wasiwasi.

Siku mbili zikawa majuma. Kila nikimkumbusha Mbaluka, kupe bado wako. Mimi ndiye nawapeleka mbuzi malishoni na mimi ndiye nawanywesha.

Hatimaye Cheryl alirudi, majina yakasomwa barazani, na naibu wa chifu akasema mwenye lalamiko asimame. Shangazi, hata darasani nilikuwa nikijibu swali nikitazama dawati. Lakini nilisimama. Nilisema mbuzi walio kwetu ni wa Mbaluka, na kwamba hata viti siku ile vilikuwa vya kuazima.

Mbaluka akacheka. "Huyu mtoto ametoka shule majuzi na tayari ananigawia mali. Mbuzi mimi nitatoa wapi?"

"Huna hata mmoja?" Susu akamuuliza, bado ameketi.

"Hata kwato, mama."

"Basi mmesikia nyote," Susu akasema. "Mimi nilidhani ni wako. Kumbe ni wangu."

Watu walicheka hadi naibu wa chifu akaficha uso kwa kofia. Mbaluka asingeweza kuyarudisha maneno yake bila kupoteza tangi. Cheryl alisema orodha itabaki ilivyo na matangi yataletwa mwisho wa mwezi.

Kesho yake Mbaluka alikuja mapema, punda wake amebeba mitungi minne ya maji. Alimwambia Susu kwamba barazani ulikuwa mzaha tu. Susu akamjibu kwamba hataki mali ya mtu. Aende aseme mbele ya watu wale wale kwamba mbuzi ni wake, naye atafunguliwa zizi saa hiyo hiyo. Amempa mpaka siku ya mnada, ambayo ni kabla ya matangi kuletwa. Asiposema, mbuzi watauzwa nasi tununue tangi letu.

Tangu hapo analeta mitungi ile minne kila asubuhi. Susu anasema labda moyo wake umelainika. Mimi siamini. Aliyelainika angesema ukweli, huyu anavuta siku. Tangi likishasimama kwake ndipo atakuja kudai mbuzi. Na kila akishusha mitungi ananiuliza kwa upole sana, "Mutindi, Emali unaenda lini? Nafasi kama hizo hazingoji." Nani alimwambia habari za Emali? Sisi tulizungumza kwa simu tu, pale juu, nyuma ya ua wake.

Najua anachotaka. Nikiondoka, atakuja kulia shida kwa Susu, naye Susu atafungua zizi kwa mkono wake mwenyewe na kumpa chai juu yake.

Kwa hivyo, Shangazi, sitakuja wiki hii tuliyopanga. Usikasirike, na tafadhali usimpe mtu mwingine ile cherehani. Siku ya mnada nitawaswaga mbuzi mwenyewe, na nikishaona tangi limesimama mlangoni kwa Susu, nitapanda gari.

Nisalimie Baba Nzuki, Nzuki mwenyewe na mdogo wangu Mbithe. Susu anasema Mungu awafunike huko mliko na duka lako lisikose wateja.

Jana nilimjibu Mbaluka kwamba siendi popote. Leo ameleta mitungi miwili.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye daima,

Mutindi