Ulichokiona Ulipomwosha Mama

Kariakoo, Dar es Salaam
Jumapili mchana

Dada yangu Mwanaidi,

Shikamoo. Najua umeitikia huku unanung'unika kwamba Zuhura hukumbuka kwao akiwa na shida. Ni kweli dada, nina shida. Lakini kwanza niambie, hapo Kilwa hamjambo? Shemeji kile kikohozi kimemwachia? Mwanao Rukia ameshajifungua? Mie sijambo ya mdomoni tu. Ule mwili ulionisifia Idi iliyopita umekwisha, sasa navaa magauni ya watoto.

Huku tangu serikali ifungulie biashara kila mtu anauza. Nguo tulizokuwa tukizipangia foleni siku nzima leo zimemwagwa chini mpaka barabarani. Nami sikuwa nyuma, robota la mitumba likifunguliwa nawapiga vikumbo hata wanaume. Basi mwezi uliopita niliinama kuchagua, sikuinuka. Mama Harsha, yule Mhindi mwenye duka aliyeniachia baraza lake niuzie, akaona damu kwenye kanga yangu.

"Wewe Zuhura, hii si ya mwezi. Panda gari." Akanipeleka mwenyewe kwa daktari.

Ni saratani ya utumbo, dada. Imeshatapakaa. Nikamwuliza daktari, "Utanipasua?" Akavua miwani. "Mama, ningekupasua kama ungekuja mwaka jana." Nililia pale pale, sikuona haya.

Kisha akauliza nani nyumbani alikufa kwa tumbo. Nikamwambia mama mdogo, utumbo. Mama yetu, ini, ila yeye alirogwa. Hakunicheka. Akasema kila chembe ya mwili ina maagizo tuliyorithi kwa wazazi, na mengine kazi yake ni kurekebisha makosa mwili unapojijenga. Ukizaliwa nayo yameharibika, makosa yanarundikana. Kwa mmoja uvimbe unaota utumboni, kwa ndugu yake unaweza kuota kwenye ini, na chanzo ni kile kile. Ila hakuapa. Alisema ini lina maadui wengi, na kipimo cha kuyaona hayo maagizo hapa hakuna. Tena uvimbe wa utumbo nao husafiri hadi kwenye ini, watu wakaliona ini tu.

"Mama yako alikuwa anatoka damu?"

Sikujua, dada. Nilikuwa huku. Anayejua ni wewe uliyemwosha. Najua mwosha maiti hasemi alichokiona, ni sitara ya marehemu, na wewe umeitunza miaka yote. Nilipokuuliza ulinijibu mambo ya mama yameenda na mama. Na sisi kwa kutokujua tukamsusa Bi Kidawa jirani, tukasema ndiye mchawi, mpaka akahama na mikeka yake. Masikini bibi wa watu! Ningemwomba radhi, sijui hata aliko.

Sasa nisikilize. Barua yako ya mwisho uliandika kwamba unakunywa mizizi ya bawasiri. Niliposoma nilicheka, nikasema dada kazidi kukaa. Juzi nimeisoma tena, nikahesabu miezi. Bawasiri gani hiyo ya miezi minane? Acha mizizi, panda basi uje ungali na nguvu. Daktari anataka ndugu wa tumbo moja wachunguzwe, na Rukia naye baadaye. Umwambie na hilo la damu, kama ulimwona nayo mama. Mimi tumaini hanipi, na mwenyewe silioni. Naandika kwa ajili yako, na moyoni naona hutakuja. Nakujua. Kumvulia nguo daktari mwanamume kwako ni kufa kabla ya kufa.

Nisalimie shemeji, mvuvi wangu mkaidi. Nisalimie Rukia na tumbo lake, na mjomba aliyetulea, mwambie dua zake nazihitaji. Mwalimu wetu wa chuoni pia, kama bado anaona.

Hapa sina ndugu wa kuniosha. Nimeshasema na Bi Tatu, jirani yangu wa chumba cha pili, akalia, akakubali. Nimemwapisha kwamba akimaliza akuandikie kila alichokiona mwilini mwangu, asinisitiri hata kidogo. Kama hukuja kwa barua yangu, pengine utakuja kwa yake.

Mdogo wako wa mwisho,
Zuhura