Baba Hakuwa Amenenepa

Nyumbani,
Chumba cha kushonea.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Kaka,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Natumaini hujambo, wifi yangu hajambo, na wale wanangu wanaendelea vizuri. Yule mdogo bado anakohoa usiku? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ukiacha mgongo, na mgongo wa mshonaji huwa hauhesabiwi kuwa ugonjwa.

Baba ni mgonjwa, Kaka. Nalisema mapema usije ukasoma ukurasa mzima ukidhani nakuletea habari za mvua. Ni moyo. Kwenye simu siwezi kukueleza, maana yeye huwa yuko pembeni yangu na masikio yake ndiyo mazima kuliko viungo vyake vyote. Ninachokuomba ni uje. Najua uliapa huji mpaka akuite mwenyewe, lakini soma kwanza hadi mwisho.

Unakumbuka zile picha za mwaka jana, ukaniambia mzee amenawiri? Sote tulidhani hivyo. Tumbo lilitoka, uso ukajaa, wateja wakawa wanamtania kwamba siku hizi anakula faida. Naye alilipenda lile tumbo. Maisha yake yote alikuwa mwembamba, akipima viuno vya wenye navyo. Akanipa suruali yake ya kijivu nimwongezee kiuno, nikafumua mshono wa nyuma nikaongeza. Haukupita muda akaleta nyingine, kisha akairudisha ile ile ya kijivu. Kitambaa cha ndani kilipokwisha, nikatia kipande. Sikujiuliza kitu. Sisi mafundi, mtu akibanwa na nguo, kosa ni la nguo.

Baadaye akaanza kulala kwenye kiti. Alisema kitanda kimechakaa. Nilimnunulia godoro, Kaka, nikaona nimemaliza kazi.

Siku ile alikuwa anampima bwana mmoja, mwalimu. Akainama kuchukua urefu wa suruali, akabaki huko huko chini, futi ya kupimia shingoni, mdomo wazi, hawezi kutamka hata namba. Yule mwalimu na mimi tukampakia kwenye gari mpaka hospitali. Njia nzima alikuwa akinionyesha kwa ishara kwamba yule mtu bado hajapimwa mikono.

Daktari ni binti mdogo mwenye sauti ya chini. Alimbonyeza mguu kwa kidole gumba, alipokiondoa shimo likabaki pale pale, halijai. Akaniuliza miguu imeanza kujaa lini. Nikamhesabia kwa suruali nilizomwongezea kiuno. Hakucheka. Wakampima damu, wakambandika nyaya kifuani, kisha wakampaka kitu cha baridi na kumpitishia kile kifaa kinachouonyesha moyo kwenye skrini. Niliuona moyo wa Baba, Kaka. Ulikuwa mkubwa, umelegea, unapiga kwa uvivu kama mtu aliyechoka kukanyaga pedeli ya cherehani. Nilitamani nisiwe nimeuona.

Daktari alinieleza polepole. Moyo umetanuka, hausukumi damu inavyotakiwa, basi maji yanajikusanya miguuni, tumboni na mapafuni. Ule wote tuliouita unene ulikuwa maji. Chanzo ni presha ya miaka mingi, ile ambayo Baba alitutangazia kwamba imekwisha, kumbe vilivyokwisha ni vidonge. Ugonjwa wenyewe unaitwa moyo kushindwa kufanya kazi. Hapo mzee alikasirika, akavua barakoa ya hewa waliyomvika na kusema, "Binti, mimi sijawahi kushindwa kazi."

Moyo hautapona, ila anaweza kuishi nao akiutunza. Tungempeleka mapema, moyo ungekuwa na nguvu zaidi ya hizi. Hilo daktari alilisema mara moja tu, na mimi nalirudia kila ninapokaa kwenye cherehani.

Sasa tuna sheria nyumbani. Vidonge asubuhi na jioni, chumvi kidogo sana, maji ya kunywa kwa kipimo, na mizani kila akiamka. Uzito ukipanda ghafla si chakula, ni maji, tunampigia daktari. Anapanda mizani ile kwa heshima zote, ameshika pumzi, kama mteja anayejaribu koti jipya. Shangazi yetu ndiye askari wa chumvi. Amekificha kikopo mahali ambapo sasa hata yeye hakikumbuki.

Kuna kidonge kimoja cha kutoa maji, kinampeleka chooni kila mara. Siku za wateja alikuwa anakificha chini ya ulimi, halafu anakitema kwenye kopo la vifungo. Nilipomgundua aliniambia, "Mwanangu, nimwache mtu mzima na pini kwapani nikimbilie chooni?" Aibu hiyo ilimrudisha wodini, na safari hii alikaa sana. Daktari hakumfokea. Alimwambia tu kwamba siku za wateja akimeze wakishaondoka mchana. Kumbe jambo lilikuwa rahisi hivyo, na sisi tulikuwa tunagombana naye tu badala ya kuuliza.

Maji yamepungua, nguvu nazo zimepungua. Anatia vifungo na kupinda mapindo, mkasi mkubwa ameniachia mimi. Analala ameegemea mito mitatu. Kuna siku anapanda ngazi za duka anapumzika katikati, anajifanya anaangalia ukuta unavyohitaji rangi.

Sasa nije kwenye lile linalokuuma. Uliniambia Baba akikuongelesha ni maneno mawili matatu kisha anakata, kwamba hajakusamehe kwa kuikataa kazi yake na kwenda kutafuta maisha. Na mimi nilikuamini, nikakuonea huruma. Kaka, siku yako ya kupiga simu, kuanzia mchana huwa haongei na mtu. Anakaa wima kitini, ananifukuza, anamfukuza Shangazi, anatunza pumzi. Simu ikilia anakupa zote alizonazo. Zikikwisha anasema, "Haya, usimalize pesa yako," na kukata. Halafu anahema, simu ikiwa mapajani, mpaka apate sauti ya kuniuliza, "Amejua?" Nikimwambia hukujua, anaridhika. Ameniapisha nisikwambie, ili usiache kazi yako kwa ajili yake. Kiapo hicho nimekivunja leo.

Kwa hiyo hatakuita. Ukisubiri uitwe, mtakutana kwa namna ambayo sitaki kuiandika hapa. Njoo angali anaweza kukugombeza.

Mbusu wifi kwa niaba yangu, na wale watoto waambie shangazi yao anawadai picha. Shangazi yetu anakusalimia, mwalimu naye pia, suti yake tuliimaliza. Mungu awafunike na awasafirishe salama. Salamu za Baba sikutumii, kwa sababu hajui kama naandika. Hizo utazichukua mwenyewe.

Mdogo wako akupendaye siku zote,
Kifungo