Namtaka Mtani Wangu Siku ya Uchungu

Mpendwa Mama Mshauri,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo mama, na afya yako yaendeleaje? Sie huku Temeke wazima, ila mie lipo jambo limenikaa rohoni, naomba msaada wako. Nina miaka arobaini na moja na mimba ya miezi minane, na watoto wangu wote wanne nilijifungua nikiwa mikononi mwa jirani yangu Mauwa, yeye Myao wa swala tano na mie Mmwera wa rozari, watani tangu kwa mababu, na uchungu ukinibana alikuwa akinisugua kiuno huku akisema, "Mmwera mvivu we, hata kuzaa wataka usaidiwe?" basi nalia, nacheka, na mtoto huyo anatoka. Mwaka juzi aliyekuwa kitinda mimba wangu, Leonardi, alifariki kwa surua, na siku ya mazishi Mauwa akafanya ya watani, ambao kwa desturi hutania hata msibani, akajilaza mlangoni akasema jeneza halitoki mpaka Wamwera watoe kuku, watu wakacheka, nami nikamfukuza mbele yao, "Toka, huna haya!" Akaondoka, na balozi wetu wa nyumba kumi anasema kahamia Kipawa. Sasa nesi wa hospitali kasema naruhusiwa mtu mmoja wa kukaa nami nikijifungua, na Anselmo mume wangu anamtaka dada yake Sesilia, mwema, anasali vizuri, lakini akiona damu hunyamaza, na kimya kile ndicho ninachokiogopa. Kila nikipiga magoti nasikia sauti ya Mauwa. Nitamwita kwa uso gani? Tafadhali nijibu upesi, siku zimekaribia.

Rosalia, Temeke

Rosalia,

Barua yako nimeipata, na pole sana kwa kifo cha Leonardi. Lakini ulikosea, mama. Mikono iliyompokea mtoto ndiyo iliyokuja kumsindikiza, ukaifukuza kama ya mgeni. Mtani hatumiwi barua wala mjumbe. Wiki hii hii nenda Kipawa, Anselmo akushike mkono, na kwapani umbebe kuku aliyemtaka siku ile. Chagua aliyekonda, apate la kusema. Akikukaribisha kwa adabu na kukupa kiti, bado ana kinyongo: mwombe radhi, ulie ukitaka. Akikutukana, yamekwisha. Sesilia abaki na watoto, awaombee. Uchungu ukianza usikawie nyumbani, nenda hospitali na Mauwa wako. Akikuita mvivu, cheka, usukume.