Nguzo Zenye Matundu

Jidda

Dada Mwanaisha,

Asalam aleikum. Vipi goti lako? Na Hamadi mwanangu, kifua kimepona? Mie mzima, ila mgongo.

Usitafute viza ya Hamadi humu kwenye bahasha. Hamna. Nakwambia mapema usije ukasoma huku unangojea.

Nilikuwa Riadhi, kule Sulay kwenye maghala. Pesa za mafuta zimewajaa, kila mtu anajenga na kila mtu ana haraka. Sisi tulijenga ghorofa la kulala vibarua. Kubandua mbao za nguzo za chini, zege lina matundu, mkono unaingia. Msimamizi akaniita mie, anajua napiga lipu vizuri. "Yalla, ziba." Nikaziba. Kwetu ukuta wa mawe na chokaa ukiwa na tundu unaziba, nyumba inakaa mpaka wajukuu. Nikaona kazi ndogo.

Injinia wetu mzee wa Kiskochi akanishika mkono, akanizuia. Saidi dereva, mtu wa Mombasa, akawa anatafsiri. Mzee akasema kwao Skotlandi, mwaka 1879, enzi za Malkia Viktoria, palikuwa na daraja la reli juu ya mto Tay. Jipya. Nguzo zake za chuma zilitoka kiwandani na matundu, wakayaziba kwa nta na unga wa chuma. Ukitazama, safi. Makosa yalikuwa mengi, na hilo mojawapo. Ikaja dhoruba, daraja likaanguka na treni juu yake. Hakupona hata mmoja.

"Babu yangu alikuwa anaziba pale," akasema. "Alinyamaza. Alikuwa na watoto."

Saidi akacheka. "Wazungu hawa. Karibu miaka mia, bado wamo matangani."

Mie sikucheka.

Kafili, yule tajiri mdhamini wetu, akaja. Mzee akaambiwa halas, kazi basi, arudi kwao. Mie akaniambia, "Ziba. Viza ya mwanao ninayo. Akija atalala humu humu, chini."

Nikautua mwiko chini, nikakataa.

"Basi mafi viza," akasema, yaani hamna tena. Ikama yangu, kile kibali cha kukaa, anayo yeye. Akanileta huku Jidda, bandarini, nabeba saruji.

Najua umekasirika. Mama yake Hamadi alipofariki wewe ndiye uliyemlea, na sasa kaacha kazi kwa ajili ya safari hii. Nitukane, sawa.

Matundu kaziba mwingine. Wamepaka rangi, watu wameshahamia. Nilimtuma Saidi akawaambie wahame. Kawaambia. Wakamuuliza, "Sasa tukalale wapi?" Akarudi kwenye gari lake.

Nisalimie shemeji, mumeo. Nisalimie Bi Zuhura jirani, aliyemwosha mke wangu, simsahau. Na mwalimu wa chuo, aniombee dua.

Hamadi mwambie wewe, mie sijui nianzie wapi. Akinitukana usimkataze. Na atukane, maadamu yupo hapo kwako.

Mdogo wako,
Makame